Kuchagua Pawa Saplai ya Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo, Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwenye meza za mafundi wa kompyuta hapa Malindi, kuanzia Barani hadi Muyeye. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta ya kawaida, aghalabu ya mtumba, anayetaka kuiongezea kadi ya grafiki ili acheze gemu, na ambaye hana fedha za kununua kitu kimoja mara mbili. Anayeunga kompyuta ya bei kubwa atafaidika na baadhi tu ya yaliyomo.

Kompyuta yangu inawaka vizuri. Kwa nini naambiwa nibadilishe pawa saplai kabla ya kuweka kadi ya grafiki?

Kuwaka si kipimo. Kompyuta ya ofisini iliyowashwa na kuachwa ikae hutumia umeme mdogo sana, mara nyingi chini ya wati 60, na hata pawa saplai iliyochoka humudu kiasi hicho. Mzigo wa kweli huja pale gemu inapoanza, prosesa na kadi ya grafiki zikafanya kazi kwa pamoja, na matumizi yakaruka mara nne au tano kwa mpigo.

Kazi ya pawa saplai ni kupokea umeme wa ukutani, ambao hapa Kenya ni wa volti 240, na kuugeuza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Vifaa vinavyokula umeme mwingi kuliko vingine vyote, yaani prosesa na kadi ya grafiki, hulishwa kwa njia ya volti 12. Njia hiyo ikizidiwa, dalili zake ni hizi: kompyuta hujizima ghafla katikati ya mchezo bila kutoa onyo lolote, au skrini huwa nyeusi huku feni zikiendelea kuzunguka, au mashine hujiwasha upya kila mara picha zinapokuwa nzito. Watu wengi wanapoona hivyo huilaumu kadi na kuirudisha dukani, kumbe kadi ni nzima na haina hatia yoyote.

Nitajuaje ni wati ngapi ninazohitaji?

Anza kwa kujumlisha. Chukua mfano wa kompyuta inayopatikana kwa wingi madukani, yenye prosesa ya Intel Core i5-4590, ambayo kiwango chake rasmi ni wati 84, na kadi ya GTX 1660 Super, ambayo ni ya wati 125. Ukiongeza wati 50 hivi za bodi mama, kumbukumbu, diski na feni, jumla inakaribia wati 260.

Hesabu hiyo haina maana kwamba ununue pawa saplai ya wati 300. Kadi za grafiki hazivuti umeme kwa utulivu: kwa vipindi vifupi mno vya sehemu ya elfu ya sekunde, kadi inaweza kuvuta zaidi sana ya kiwango kilichoandikwa kwenye boksi lake, na pawa saplai iliyobanwa huona mruko huo kama hitilafu na kujizima. Isitoshe, kifaa hiki huzeeka, na kikifanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake muda wote, hupata joto, hupiga kelele na hufa mapema. Kwa hiyo acha nafasi. Watengenezaji wenyewe hupendekeza pawa saplai ya wati 450 kwa GTX 1660 Super na kwa RX 6600, ambayo ni ya wati 132. Wati 500 kwa RX 580, inayokula wati 185. Na wati 550 kwa RTX 3060, inayokula wati 170. Mapendekezo hayo yana ukarimu ndani yake, kwa sababu mtengenezaji wa kadi anajua kuwa si kila mnunuzi atakuwa na pawa saplai ya kweli.

Kwa kompyuta nyingi za bajeti ndogo, wati 450 hadi 550 za kweli zinatosha. Anayekushauri ununue ya wati 850 kwa ajili ya kadi ya wati 130 anakuuzia uzito wa boksi.

Pawa saplai kubwa haitanimalizia tokeni?

La. Pawa saplai ya wati 650 haili wati 650 kila wakati. Hutoa kile kinachoombwa na vifaa, pamoja na kiasi kinachopotea kwa njia ya joto. Kinachoamua matumizi ya tokeni ni kadi unayoweka, saa unazocheza, na ubora wa pawa saplai katika kugeuza umeme bila kuupoteza.

Kwenye boksi imeandikwa wati 600 na bei yake ni nafuu mno. Kuna tatizo gani?

Swali hili ndilo la kutulia nalo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi ubavuni haina maana mpaka uigeuze pawa saplai na kusoma kibandiko chake. Kwenye kibandiko kuna jedwali dogo: safu ya juu ina +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5VSB, na chini ya kila moja kuna idadi ya ampea, ikifuatwa na herufi A. Tafuta ampea za +12V na uzizidishe kwa 12. Zile pawa saplai zinazokuja ndani ya makasha ya bei ya chini unaweza kuzikuta zimeandikwa 600W kwa herufi kubwa, halafu kwenye jedwali +12V ina 16A tu. Kumi na sita mara kumi na mbili ni 192. Kwa kompyuta ya gemu, basi, kifaa hicho ni cha wati 192, na hata hizo hutolewa kwa shida. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandikwa takriban 45A kwenye +12V, yaani wati 540, maana karibu nguvu yake yote inapatikana kwenye njia inayotumika.

Ukikuta +12V1 na +12V2, usikimbilie kujumlisha ampea zake, kwani jumla ya pamoja mara nyingi huwa ndogo kuliko hesabu hiyo. Tafuta mstari wa chini unaotaja wati za juu kabisa za njia hizo mbili zikiunganishwa. Ukikuta kibandiko hakina jedwali kabisa, rudisha kifaa kaunta.

Zipo alama nyingine za kutazama ukiwa bado dukani. Inyanyue: iliyo nyepesi ajabu imepunguziwa koili, kapasita na vyuma vya kupoza. Soma maandishi madogo yaliyopigwa kwenye ngozi ya nyaya, ambapo utaona AWG, yaani kipimo cha unene wa waya, pamoja na namba. 18AWG ni waya mnene kuliko 20AWG, ingawa namba yake ni ndogo. Hesabu vichwa vya kadi ya grafiki. Kifaa kinachodai wati 600 lakini hakina hata kichwa kimoja cha pini 8 kwa ajili ya kadi kimejishtaki chenyewe.

Jina la kampuni husaidia, lakini halimalizi kazi. Kampuni hiyo hiyo huwa na safu ya bei ya chini na safu ya bei ya juu. Corsair, kwa mfano, imeuza VS kwa wanunuzi wa kima cha chini na RM kwa wanaotaka kitu cha miaka mingi, na hizo mbili hazilingani hata chembe.

Alama ya 80 Plus ina maana gani, na je, nilipie Gold?

Alama hiyo, iliyoanza mwaka 2004, hueleza ni asilimia ngapi ya umeme wa ukutani unaowafikia vifaa badala ya kupotea kwa joto. Ile ya msingi hudai angalau asilimia 80. Bronze, katika kipimo cha volti 115, hudai asilimia 82 mzigo ukiwa mdogo, 85 ukiwa nusu, na 82 ukiwa kamili. Gold hudai 87, 90 na 87. Kwenye umeme wetu wa volti 240 matokeo huwa bora kidogo.

Tuipige hesabu kwa tokeni. Tuseme kompyuta yako inahitaji wati 250 wakati wa mchezo. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta wati 294 ukutani, na yenye asilimia 90 itavuta 278. Tofauti ni wati 16. Ukicheza saa nne kila siku kwa siku 30, utaokoa karibu uniti mbili kwa mwezi. Uniti mbili si kitu cha kukufanya ukope ili ununue Gold. Sasa linganisha na kile kifaa kisicho na alama, ambacho ufanisi wake unaweza kuwa asilimia 70: kitavuta wati 357, na kwa saa zile zile kitakula uniti saba na nusu zaidi ya chenye asilimia 85, huku kikigeuza wati 107 kuwa joto ndani ya chumba chako. Kwa hiyo ruka kutoka kisicho na alama kwenda Bronze bila kusita. Kuruka kutoka Bronze kwenda Gold ni hiari.

Jambo moja halisemwi sana na wauzaji. Vipimo vya 80 Plus hufanywa katika joto la nyuzi 23, na alama hiyo haisemi lolote kuhusu kinga au uimara wa kifaa. Chumba cha Malindi mwezi wa Machi, dirisha likiwa limefungwa ili jirani asisikie kelele, hakina nyuzi 23. Ukipata maelezo ya mtengenezaji, angalia kama wati zake zimehakikishwa katika nyuzi 40 au 50. Anayenyamaza kuhusu jambo hilo, au anayetaja 25, amekupa kifaa cha nchi nyingine.

Nina Dell au HP ya mtumba kutoka Uingereza. Pawa saplai ya kawaida itaingia?

Mara nyingi haitaingia moja kwa moja, na ni vyema kufungua kasha na kutazama kabla ya kulipa chochote. Kompyuta za Dell OptiPlex 7020 na 9020 hutumia kichwa cha pini 8 kwenye bodi mama badala ya kile cha pini 24 kilichozoeleka, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia cha pini 6. Zipo adapta za kugeuza pini 24 kuwa 8 au 6, nazo hufanya kazi, ila adapta iwe ya modeli yako hasa, kwa sababu mpangilio wa pini hutofautiana na kosa hapo huunguza bodi.

Tatizo la pili ni umbo. OptiPlex 9020 ya mnara, ambayo huja na pawa saplai ya wati 290, ina nafasi ya kutosha kwa kadi ya kawaida. Lakini zile ndogo za kulala hazina nafasi ya pawa saplai ya ATX, yaani ya umbo lililozoeleka, hata kidogo, na kadi yake lazima iwe fupi ya kimo. Kwa mwenye kompyuta ya namna hiyo, ushauri wangu ni kuachana na habari za kubadilisha pawa saplai. Tundu la kadi kwenye bodi mama linaweza kutoa hadi wati 75 peke yake. Nunua kadi ambayo haihitaji waya wa ziada, mfano GTX 1050 Ti, GTX 1650 ya aina isiyo na kichwa, au RTX 3050 ya gigabaiti 6, ucheze kwa amani. Utapunguza ubora wa picha kidogo, lakini fedha yako itakuwa imekwenda kwenye kitu unachokiona.

Fundi ameniambia atatumia adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa diski. Ni salama?

Kataa. Kichwa cha SATA kinacholisha diski kimetengenezwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, ilhali kichwa cha pini 6 cha kadi ya grafiki kinaruhusiwa kuvuta 75 na kile cha pini 8 kinaruhusiwa 150. Kinachofuata ni plastiki kuyeyuka, harufu ya kuungua, na wakati mwingine moto. Ikiwa pawa saplai haina kichwa cha kadi, hiyo ni taarifa kwamba haikukusudiwa kubeba kadi.

Nimeletewa kompyuta kutoka nje na ina plagi ngeni, na nyuma kuna swichi nyekundu. Nifanye nini?

Malindi ina Waitaliano wengi, na wanapohama au kuuza vitu vya nyumbani, kompyuta zenye plagi za Ulaya huingia sokoni. Hapo hakuna shida, kwa kuwa waya wa ukutani huchomoka kwenye pawa saplai. Weka badala yake waya wa Kenya wenye plagi ya pini tatu na fyuzi, ambao hupatikana duka lolote la umeme. Usitumie adapta ya safarini isiyo na pini ya ardhi.

Swichi nyekundu ni jambo zito zaidi. Ina pande mbili, 115 na 230, na mashine iliyotoka Marekani huenda imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo kwenye volti 240, utasikia mlipuko, utaona moshi, na pawa saplai itakuwa imekwisha, pengine pamoja na vilivyoungwa nayo. Isukume kwenye 230 waya ukiwa umechomolewa, na uibandike utepe juu yake ili mtoto asiichezee. Pawa saplai za kisasa zilizoandikwa 100-240V hazina swichi hiyo kwa sababu hujirekebisha zenyewe, na kwa mji wetu zina faida nyingine ya wazi: jioni, kila mtu anapowasha taa, friji na feni, na volti zikashuka hadi 190, hizo huendelea kufanya kazi wakati zilizoandikwa 200-240V huenda zikajizima au kuteseka.

Umeme hukatika mara kwa mara. Je, pawa saplai nzuri inatosha, au ninahitaji UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika)?

Umeme unapokatika, kompyuta huzimika tu. Madhara makubwa huja unaporudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwa kishindo, volti zikiwa juu, kisha ukakatika tena kabla ya dakika kuisha. Pawa saplai yenye kinga kamili, yaani ya volti kuzidi, volti kupungua, mzigo kuzidi, nyaya kugusana na joto kuzidi, itajitoa mhanga kabla ya kuruhusu bodi na kadi kuungua. Isiyo na kinga huenda ikawachukua wote.

Kwa gharama ndogo, anza na kile kifaa cha kulinda friji au televisheni ambacho nyumba nyingi hapa tayari zinacho: hukata umeme usiofaa, na ukirudi husubiri dakika chache hadi utulie. Kwa mchezaji wa bajeti ndogo, kifaa hicho kina maana zaidi kuliko taa za rangi.

Ukitaka UPS, kumbuka kwamba VA si wati. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati kati ya 325 na 390, na kompyuta ya gemu ikiwa katikati ya mchezo inaweza kuizidi. Pia, UPS za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini wakati zinapotumia betri, na baadhi ya pawa saplai nzuri zenye mfumo hai wa kurekebisha kipengele cha nguvu (huandikwa Active PFC) hazipatani na umeme huo, zikazima papo hapo. Kabla ya kununua, waombe wajaribu pamoja na kompyuta yako: chomoa UPS ukutani gemu ikiwa inaendelea. Pawa saplai yenye ubora hushikilia umeme kwa takriban milisekunde 16 baada ya kukatika, na UPS nyingi hubadili kwenda kwenye betri kwa muda mfupi kuliko huo. Ile duni hushindwa kusubiri, na mwenye nayo hudhani UPS ndiyo mbovu.

Kwa wanaotumia sola au jenereta, hali inayopatikana katika visiwa vya Lamu na mashamba ya Gongoni, swali la kwanza la kumuuliza fundi ni kama inveta inatoa wimbi laini.

Je, joto na chumvi ya bahari huathiri pawa saplai?

Huathiri sana. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zenye majimaji, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Ndiyo sababu kapasita zilizoandikwa nyuzi 105 zinapendelewa kuliko za nyuzi 85. Hewa ya pwani huongeza unyevu na chumvi, ambavyo hula miguu ya vipuri na pini za vichwa. Ukichomoa kichwa ukaona pini zimefifia na kuwa na unga wa kijani au mweupe, usikirudishe bila kusafishwa.

Halafu wapo wageni wasioalikwa. Mjusi kafiri hupenda joto la pawa saplai, huingia kwa tundu la nyuma usiku, na akigusa sehemu mbili zenye umeme mkubwa, huwa ndiyo safari yake ya mwisho na ya kifaa pia. Sisimizi hufanya kiota humo humo. Funika nafasi zote zilizo wazi nyuma ya kasha kwa vile vibati vyake, na kwenye tundu la hewa weka wavu mwembamba unaosafishwa kila mwezi, maana vumbi na mchanga laini huziba wavu haraka, hasa msimu wa upepo. Usiweke kasha sakafuni.

Kama kasha lako lina matundu chini, feni ya pawa saplai itazame chini ili ivute hewa ya nje. Kama halina, itazame ndani.

Nikigusa kasha nahisi mtetemo wa umeme. Pawa saplai ni mbovu?

Huenda ni nzima. Mlangoni mwa kila pawa saplai kuna kichujio ambacho hupitisha umeme mdogo sana kwenda kwenye kasha, kwa matarajio kwamba waya wa ardhi utauchukua. Nyumba ikiwa haina ardhi ya kweli, jambo ambalo ni la kawaida katika majengo ya zamani na katika vyumba vilivyoongezwa nyaya kiholela, umeme huo hubaki kwenye kasha na huuhisi, hasa ukiwa peku au mikono ikiwa na jasho. Kubadilisha pawa saplai hakutaponya. Mwite fundi wa stima apime ardhi ya soketi, na usikubali ekstensheni ya pini mbili. Ukipigwa kwa nguvu badala ya kuhisi mtetemo, zima swichi ya ukutani, chomoa, na usiitumie tena mpaka ipimwe.

Ninaweza kubadilisha mwenyewe?

Unaweza, ukiwa na bisibisi ya nyota na saa moja ya utulivu. Piga picha za nyaya kabla ya kuchomoa. Zingatia mambo mawili ambayo huwagharimu watu. La kwanza: kichwa cha prosesa na kichwa cha kadi ya grafiki vyote vinaweza kuwa na pini 8, lakini nyaya zake zimepangwa kinyume; vimeandikwa CPU na PCIe, na kikikataa kuingia kina sababu, usikilazimishe. La pili: kwenye pawa saplai zenye nyaya za kuchomoka, usichanganye nyaya za pawa saplai moja na nyingine hata kama zinaingia, kwani upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja unaofuatwa na wote, na diski nyingi zimeungua kwa njia hiyo.

Ninunue mpya au ya mtumba, na niipimeje?

Ya mtumba yenye jina zuri, umri usiozidi miaka mitano na kibandiko kinachosomeka ni bora kuliko mpya isiyo na alama. Ya mtumba isiyo na historia, kwa upande mwingine, ni bahati nasibu. Inuse: harufu kali ya kuungua haiondoki. Itikise polepole: kitu kikigongagonga ndani, achana nayo. Chungulia kupitia feni kwa tochi ya simu, utazame vichwa vya kapasita. Vilivyovimba au kutoa ute wa kahawia vimekwisha.

Mafundi wengi huunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye kichwa cha pini 24, feni ikizunguka wakasema ni nzima. Jaribio hilo linathibitisha kwamba inawaka, basi. Kipimo chenye maana ni mita wakati kompyuta ina mzigo: volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa 12 inaanguka hadi 11.2 gemu inapoanza, umepata jibu lako. Mwombe muuzaji akuruhusu uiache kwenye mchezo mzito kwa nusu saa mbele yake.

Iliyokufa inaweza kutengenezwa?

Wakati mwingine ni fyuzi, feni au kapasita moja tu. Lakini kapasita kubwa iliyo upande wa umeme wa ukutani hubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa, kiasi cha kuua, kwa hiyo asiyejua kuitoa umeme asifungue zile skrubu nne za kasha lake. Na iliyotengenezwa isirudi kwenye kompyuta yenye kadi ya bei. Ipe kazi nyepesi.

Nigawe vipi bajeti, na ninunue hapa au niagize Mombasa au Nairobi?

Wanaokosea hununua kadi kwanza kwa fedha zote, kisha wakatafuta pawa saplai kwa chenji. Chagua vyote viwili siku moja. Kama fedha hazitoshi, shusha daraja la kadi, si la pawa saplai, kwa kuwa kadi utaiuza na kuipandisha mwakani, na pawa saplai ile ile itaibeba mpya.

Nairobi, hasa maduka ya Luthuli Avenue, kuna aina nyingi na bei hushindana. Mombasa ni karibu na mzigo hufika kwa basi siku hiyo hiyo. Faida ya kununua Malindi ni kwamba ikiwa mbovu utairudisha kwa miguu. Ukiagiza, mwombe muuzaji akutumie picha ya kibandiko chenye jedwali, si ya boksi, na picha ya vichwa vyote vya nyaya vikiwa vimetandazwa. Aliye Lamu aombe ifungwe ndani ya nailoni, kwa sababu mzigo utavuka maji kwa mashua kutoka Mokowe. Pata risiti yenye namba ya kifaa na muda wa dhamana, na uulize mapema ni nani atakayelipa nauli ya kukirudisha.